Transfoma Mia Mbili, Matundu Kumi na Manane

Siku mliponiaga nikistaafu, kijana mmoja wa sehemu ya mipango alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi mashine inavyochukua gridi nzima ya stima, ikakusanya vituo vinavyofanana kuwa mafungu machache, kisha ikatoa jibu chai ikiwa bado moto. Akaniuliza, "Mzee, nyinyi zamani mlikuwa mnafanyaje?" Nikamwambia tulifanya vivyo hivyo, ila chai ilikuwa inapoa mara nyingi. Mkacheka, keki ikakatwa, na swali likabaki bila jibu la maana. Nimeona nilijibu sasa, nikiwa na nafasi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyote viko kwenye faili langu, na sijamwona mtu aliyejifunza kazi kwa kusoma faili la mwenzake.

Naitwa Shadrack Amukoa. Baba yangu alitoka Butere akaja kuwa fundi wa boila katika reli hapa Nakuru, nami nikazaliwa kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Shuleni nilikuwa mzuri wa hesabu na kuchora. Miaka ya hamsini ilipokuwa bado michanga, kampuni ya stima ilitafuta kijana wa kunakili michoro kwa wino. Hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa, na hata kufika mlangoni pa ofisi ilibidi nionyeshe karatasi mara mbili njiani. Nilifika nikiwa nimevaa koti la baba, na mikono yake ilinifika kwenye vidole.

Mkuu wa ofisi ya michoro alikuwa Sardar Gurdit, mtu mpana mwenye kilemba cha buluu na mikono midogo ya ajabu, kama ya mshonaji. Aliyatazama makoti yangu, yaani koti moja lililotosha watu wawili, akaniambia nikunje mikono. Kisha akanipa kalamu na kitambaa cha kuchorea, akaniambia nipige mstari mmoja ulionyooka.

Nilipiga. Akainama, akautazama kwa jicho moja.

"Kijana, hii mstari yako nakunywa pombe."

Siku ile yote nilipiga mistari. Jioni akauchagua mmoja, akasema huo umeanza kupata akili. Ndivyo nilivyoajiriwa. Baadaye alinifundisha kutumia slaidi-rula yake, rula ya kupigia hesabu kwa kuitelezesha, ambayo alikuwa akiiweka kwenye mfuko wa ngozi na kuipaka poda ya watoto ili iteleze vizuri. Hadi leo nikisikia harufu ya poda hiyo nataka kugawanya namba.

Juu yetu alikuwa injinia wa wilaya, Bwana Whitlow, Mwingereza mfupi mwenye sauti ya chini. Alipenda kuongea nasi Kiswahili alichojifunzia mashambani, nasi tulimjibu kwa Kiingereza, kila upande ukiamini kwamba unamsaidia mwenzake. Na kule nje, kwenye laini zenyewe, kulikuwa na nyapara Kiptoo, mtu wa Molo, mrefu, mkimya, ambaye hakuna kijana aliyepanda nguzo bila yeye kuigonga kwanza kwa nyundo na kuisikiliza.

Jambo ninalotaka kuwasimulia lilianza na nguzo. Laini ya kutoka Nakuru kwenda Njoro ilikuwa imesimamishwa kwa haraka miaka ya vita, kwa mbao ambazo hazikupikwa dawa vya kutosha. Mchwa walijua kabla yetu. Asubuhi moja fundi aitwaye Wafula alipanda nguzo ambayo ilikuwa imegongwa na kutoa sauti nzuri, kumbe imeoza chini ya ardhi, mahali ambapo nyundo haifiki. Ilikatika ikaanguka naye, mshipi ukiwa bado umemfunga. Waya zilipita kando yake kwa upana wa mkono. Stima ilikuwa ndani. Wafula alipona, lakini nyonga yake haikupona, na tangu siku ile hakupanda tena hata ngazi ya nyumba.

Tulipochimba tukakuta nguzo nyingi za laini ile ni hivyo hivyo. Zilihitaji kubadilishwa zote kabla ya mvua. Bwana Whitlow aliomba Nairobi ruhusa ya kuizima laini mpaka kazi iishe. Wakubwa wakakataa. Ulikuwa wakati wa kuvuna ngano, na masetla wa Njoro na Mau Narok walikuwa na mashine za kukaushia nafaka, mabomba ya maji na ng'ombe wa kukamuliwa kwa mashine. Jibu lao lilikuwa kwamba nguzo zibadilishwe waya zikiwa na moto, yaani stima ikiwa ndani.

Bwana Whitlow alimwita Kiptoo amweleze. Mimi nilikuwa kwenye meza ya pembeni na kalamu yangu.

"Nairobi nasema hapana zima," akasema. "Nasema wakati ya ngano."

Kiptoo akajibu: "Bwana Injinia, ukiniambia mimi nipande, nitapanda. Mimi ni mzee. Lakini hawa vijana siwapandishi kwenye nguzo imeoza na waya iko na moto. Utaniandika kazi imeisha, niende nyumbani."

"Sitaki wewe naenda nyumbani."

"Basi zima stima, Bwana."

Kuizima, kwa karatasi, kuliwezekana. Njoro ilikuwa na njia ya pili ya kupata stima: laini iliyotoka Nakuru ikapita Rongai, ikapanda Elburgon, kisha ikashuka kuingia Njoro kwa nyuma, na kutoka hapo kuendelea hadi Mau Narok. Ilikuwa njia ndefu yenye waya nyembamba. Je, ingeweza kubeba mzigo wote peke yake? Volti zikishuka mno, mota za watu zinaungua. Waya zikizidiwa, swichi za Rongai zinaruka, na hapo ngano, ng'ombe na miji mitatu vinakaa gizani pamoja. Hakuna mkubwa ambaye angetuachia tujaribu tu tuone. Ilibidi tujue kabla.

Nyinyi mngeiuliza kompyuta. Sisi tulikuwa na slaidi-rula na transfoma zaidi ya mia mbili zilizotawanyika kuanzia Kabazi hadi Mau Narok. Kupiga hesabu ya kila moja kwa mkono, mvua ingekuja, ikaisha, na nyingine ikaja.

Bwana Whitlow ndiye aliyesema tujenge gridi ndogo juu ya ubao. Chuoni kwao alikuwa ameuona mtambo wa namna hiyo. Unachukua ubao, unaweka koili ya waya mwembamba mahali pa kila kipande cha laini: laini ndefu, waya mrefu. Mahali pa wateja unaweka kifaa cha kuzungusha kinachokula umeme kidogo au mwingi upendavyo. Unaunganisha betri ya lori, unapima kwa mita, na sindano inakuambia kule shambani kutakuwaje. Sardar Gurdit alipata ubao wa mti wa podo, mzuri ajabu, sikuuliza ametoka wapi. Koili nilizikunja mimi kwa waya wa majiko ya stima yaliyokufa. Vifaa vya kuzungusha Bwana Whitlow alivitoa kwenye redio kuukuu za jeshi. Vilivyokuwa vizima vilikuwa kumi na vinane. Tukatoboa matundu kumi na manane.

Kwa hiyo kazi ikawa hii: transfoma mia mbili na zaidi ziingie kwenye matundu kumi na manane, bila kuusema uongo.

Tuliandika kila transfoma kwenye kadi: iko wapi, ukubwa wake, na mzigo wake asubuhi, mchana na jioni. Tukazitandaza kadi kwenye meza kubwa, tukazigawa mafungu kumi na manane kwa kufuata ramani, zilizokaribiana pamoja. Kila fungu tulilitafutia kitovu, yaani mahali ambapo mzigo wote wa fungu ungekaa volti zikashuka sawasawa na zinavyoshuka ukiwa umetawanyika. Kisha tukachukua kadi moja moja na kuiuliza: kitovu kilicho karibu nawe zaidi ni kipi? Kama ni cha fungu jingine, inahama. Zikihama chache, vitovu navyo vinasogea, kwa hiyo unaanza upya na kadi ya kwanza. Unaendelea hivyo mpaka upite meza nzima na hakuna kadi inayotaka kuhama. Sardar Gurdit aliipenda kazi hii kuliko chakula. Alikuwa akiihamisha kadi na kuiaga. "Kwenda, mama. Huku iko ndugu yako."

Tulipomaliza tukaweka mzigo wa siku ya kawaida, laini zote zikiwa zimewashwa, tukalinganisha na mita ya kweli ya Njoro. Ubao ulikuwa umekosea, na si kidogo. Bwana Whitlow akashuku koili zangu. Nilizipima upya zote, zilikuwa sawa. Tukakaa watatu tunautazama ubao kama ng'ombe aliyekataa kula.

Tuliamua kwenda kuona. Tukapanda lori la kampuni, mimi na Gurdit, tukazunguka milima ya nyuma ya Njoro. Juu ya kilima kimoja tukakuta mashamba mawili yaliyogawana ua. Kwenye ramani yalifunikwa na kidole gumba kimoja, na kwenye meza yetu yalikuwa fungu moja. Gurdit alisimama pale uani, akafuata waya kwa macho. Za shamba la kwanza zilishuka upande wa Njoro. Za shamba la pili ziligeuka, zikateremka bonde jingine kabisa, zikielekea Elburgon.

"Amukoa," akasema polepole, "hawa watu ni jirani ya ng'ombe. Si jirani ya stima."

Ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumepima ukaribu kwa jicho la ndege, na stima haina mabawa. Tulirudi tukazichanganya kadi zote, tukaanza upya, safari hii tukipima umbali kwa waya inayopitiwa. Kadi zilihama kwa makundi. Sindano ikasogea karibu na ukweli mchana na jioni, lakini asubuhi ikakataa.

Tatizo la asubuhi tulilijua tulipozisoma kadi za fungu la Elburgon. Ndani yake kulikuwa na viwanda vya kupasua mbao, vinavyoamka jua likiwa limetoka, na mashamba ya maziwa, yanayoamka kabla ya jogoo na kulala mchana. Ukiwachanganya hao ukachukua wastani, unapata mteja asiyeamka wala kulala, mtu ambaye hayupo duniani. Bwana Whitlow alicheka sana nilipomwambia hivyo, kisha akavua koti. Tukagawa tena, ukaribu wa waya na saa za kazi kwa pamoja.

Ikabaki kadi moja iliyokuwa ikihama kila mzunguko bila kutulia. Lilikuwa shamba la mwisho kabisa wa laini, Mau Narok, lenye pampu kubwa ya maji. Halikufanana na jingine lolote. Bwana Whitlow alitaka tulisukume kwenye fungu lolote tumalize, kwa sababu ni moja tu. Gurdit akagoma. Akasema aliye mkiani ndiye anayeumia wa kwanza, na yeye atampa tundu lake peke yake hata ikibidi kuwabana wengine. Walibishana mpaka wakahamia Kiingereza wote wawili, na hapo nikajua jambo ni zito. Gurdit akashinda. Vijana, mkisahau mengine yote, lishikeni hili: msimwondoe mkaidi kwenye hesabu kwa sababu anawaharibia mafungu.

Sasa ubao ulisema kweli, asubuhi, mchana na jioni. Tukachomoa koili ya laini ya Nakuru na Njoro. Sindano ya Mau Narok ikashuka, ikasimama juu kidogo ya alama nyekundu ya volti za chini kabisa zinazoruhusiwa, niliyoipaka mwenyewe. Ilisimama hivyo saa zote isipokuwa asubuhi, pale viwanda vya mbao vilipoanza kabla ng'ombe hawajamaliza kukamuliwa na pampu ile ikiwa inavuta. Hapo ilizama. Kwa hiyo jibu lilikuwa ndiyo, kama viwanda vya mbao vitachelewa kuanza kwa muda mfupi.

Bwana Whitlow alikwenda Elburgon mwenyewe kuwaomba wenye viwanda. Sikuwapo, lakini alirudi na ahadi yao, na uso mwekundu. Kisha mkubwa mmoja wa Nairobi akaja kwa treni kuuona ubao. Alikuwa mtu mrefu mwenye adabu, asiyeharakishwa na mtu. Alisikiliza maelezo yote, akaniomba nizungushe hiki na kile. Kisha akasema kwa Kiingereza, bila dharau, kwamba anaelewa, lakini wateja mia mbili wamebaki kumi na wanane, na yeye ataulizwa amejuaje kwamba hawa kumi na wanane wanawasemea wenzao.

Bwana Whitlow alinitazama. Nikasema, "Utupe siku ambayo hatujaitumia, Bwana. Siku yoyote uliyonayo."

Mkubwa akafungua mkoba wake, akatoa mchoro wa mita ya Njoro wa msimu mwingine, akatusomea mizigo ya vituo vikubwa saa fulani ya jioni, na sehemu ya volti akaifunika kwa kiganja. Nikaweka matundu yote kumi na manane. Nilijua kwamba ukiharakisha vifaa vile vya redio vinaruka, kwa hiyo nilivizungusha polepole kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Gurdit akasoma sindano kwa sauti. Mkubwa akaondoa kiganja. Tofauti ilikuwa unene wa mstari wa kalamu, na wangu, nawaambia, wakati huo ulikuwa umeshaacha pombe.

Yule bwana akafunga mkoba wake. Kisha akasema laini izimwe.

Siku ya kazi mimi niliwekwa substesheni ya Njoro, kituo cha kugawia stima, mbele ya mita. Nguzo ya kwanza ilikuwa nje tu ya ua, ningeweza kuzungumza na watu waliokuwa chini yake. Kiptoo alikuwa pale na vijana wake, mishipi viunoni. Wafula naye alikuja, na fimbo yake, akakaa juu ya lundo la nguzo mpya.

Amri ilipokuja kwa simu, swichi ikafunguliwa. Sindano ya mita ilianguka. Nilisikia sauti ya transfoma ikibadilika, kama mtu aliyepandishwa gunia mgongoni. Sindano ikaendelea kushuka, nami nikawa nimesahau kila kitu nilichokijua juu ya kadi na vitovu. Nilikuwa kijana mwenye koti la baba yake, anaomba. Ikapunguza mwendo. Ikasimama mahali ambapo ubao ulikuwa umesema.

"Imeshika!" nikapiga kelele. "Mzee Kiptoo, imeshika! Laini yako imekufa!"

Kiptoo hakukimbilia neno langu. Alichukua kijiti kirefu cha kujaribia, akagusa waya. Hakuna moto. Akatundika mnyororo wa kupeleka moto ardhini. Kisha akaegemeza ngazi kwenye nguzo nzima ya ua wetu, akapanda, akavua glavu, akaishika waya kwa mkono mtupu. Aliishika tu, mbele ya vijana wote, mpaka yule wa kwanza akakaza mshipi wake na kuanza kuelekea kwenye nguzo yake.

Nilitazama mita siku zote za kazi ile. Viwanda vya mbao vilichelewa kama walivyoahidi, isipokuwa asubuhi moja ambapo kimoja kilisahau, na sindano ikanionyesha kabla mtu hajanipigia simu. Ngano ilikauka, ng'ombe walikamuliwa. Nguzo mbili ziliangukia njiani wakati wa kung'olewa, waya zikalala chini kwenye majani, na vijana wakaziruka wakicheka. Wote waliopanda walishuka kwa miguu yao. Nimefanya mengi baada ya hapo, na mengine yalipigiwa makofi, lakini nikiulizwa nilifanya nini maishani, hilo ndilo ninalojibu.

Mvua ilipoanza, Kiptoo alikuja ofisi ya michoro. Hakuwa ameingia humo hata siku moja; nyapara walikuwa wakiongelea dirishani. Alifuta buti zake mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Gurdit alimvutia kiti, naye akakikataa.

"Nimekuja kuona laini yangu," akasema.

Nikampeleka kwenye ubao. Nikamwonyesha koili ya laini yake, ndogo kuliko kidole chake. Akauliza shamba la Bwana fulani wa Njoro liko wapi. Nikamwambia limo kwenye tundu hili, pamoja na wengine kumi na mmoja.

"Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja, Mzee."

"Na wanaelewana?"

"Kwa stima, ndiyo."

Akacheka kwa sauti, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kisha akaelekeza kidole kwenye koili yake, akaniuliza kama anaweza kuitoa. Nikaunganisha betri, nikamwambia achomoe. Aliichomoa kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa, macho yakiwa kwenye sindano. Ikashuka. Ikatulia juu ya alama nyekundu. Aliichomeka, akaichomoa tena, akaitazama ikishuka na kutulia, na mara ya tatu alimwita Gurdit aje aone.